Taa Nyekundu ya Watasema

Zefania Shekalaghe hakuwa na mke, kwa kuwa mkewe alikufa mwaka ule homa ya viroboto ilipopanda milimani kwa mara ya kwanza. Hakuwa na mtoto. Hakuwa na shahada. Alikuwa na cheti, na ukutani kwake hakuwa na kitu kingine cha kutundika. Hakuwa na mtu wa kumtaja jina lake kwenye Baraza la Afya ya Viumbe, wala hakuwa na ulimi wa kuwachekea wakubwa wanapotania. Hakuwa na uvumilivu kwa mtu anayesema "karibu sawa" wakati kitu si sawa. Alichokuwa nacho ni mikono isiyotetemeka inapotafuta mshipa wa paka, kazi ya upimaji katika Kituo cha Kwembaru, na mbwa mmoja mzee aliyeitwa Watasema.

Jina hilo alilitoa marehemu. Huku Usambara mbwa hupewa jina ambalo mwenye nyumba anataka jirani alisikie kila anapomwita. Mkewe Zefania alimlaza mbwa jikoni, karibu na moto, na wanawake wa mtaani wakaguna. Basi akasimama mlangoni kila jioni na kuita kwa sauti ndefu: Watasema, Watasema, njoo ule.

Asubuhi moja ya msimu wa mavuno, Zefania na mbwa wake walifika kwenye lango la kituo, na lango likakataa kufunguka. Alidhani ni baridi, kwani ukungu ulikuwa mzito na vyuma vya lango hilo vilikuwa na desturi ya kugoma. Akaligonga kwa kiganja. Kisha akainama kumtazama mbwa. Chini ya manyoya ya shingo, mahali ambapo kwa miaka yote palikuwa na nukta ya kijani, palikuwa pakiwaka nyekundu.

Kila paka na mbwa nchini alikuwa na nukta hiyo. Iliitwa Jicho: kifaa kidogo kama punje ya mtama, kilichopandikizwa ngozini, kikionja damu kila kukicha na kutafuta kingamwili, yaani zile silaha ambazo mwili huzifua ukikutana na Bartonela, bakteria wa homa ya viroboto. Jicho likiwa la kijani, malango ya soko, zahanati na shule yalimfungukia mwenye mnyama. Likiwa jekundu, mnyama aliwekwa kizimbani, na Ijumaa ya mwisho ya mwezi alichomwa sindano ya kufa. Mnyama mwekundu haruhusiwi kuuzwa, kugawiwa wala kuhamishwa. Watu walilalamika mwanzoni, kisha wakazoea, kwa sababu waliokuwa wamezika walikuwa wengi. Bartonela wa zamani alimchubua mtu ngozi na kumvimbisha tezi. Huyu wa sasa, aliyebadilika huko mabondeni wakati joto lilipozidi, alikwenda moja kwa moja kwenye vali za moyo na kuzila.

Zefania mwenyewe alikuwa amepandikiza Macho kwa nusu ya wanyama wa kata ile, na kila sindano aliichoma kwa ajili ya mkewe.

Alimfungua Watasema kamba, akampeleka kizimbani kwa mikono yake, akaandika jina lake kwenye orodha ya wekundu. Mhudumu wa vizimba alimwambia angeweza kumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Zefania akamjibu kwamba mbwa hajamzoea mtu mwingine.

Kisha akamtoa damu.

Kituo kilikuwa bado na njia ya kale ya kupima, ambayo vijana waliicheka kwa uvivu wake. Jicho halimtafuti bakteria mwenyewe. Linatafuta kingamwili, na kingamwili ni kama kovu: linakuambia uliwahi kukatwa, halikuambii kama kisu bado kimo mwilini. Njia ya kale ilimtafuta bakteria. Damu ilitiwa kwenye chupa ya mchuzi maalumu, ikaatamiwa kwenye joto la mwili siku nyingi, ili wachache waliojificha wazaane. Hapo ndipo mashine ya vinasaba ilipoulizwa kama wamo. Na kanuni ilikuwa moja: kila chupa ya mshukiwa iambatane na chupa ya mnyama anayejulikana kuwa safi. Zikiota zote mbili, ujue uchafu ni wa mikono yako.

Kwembaru nzima ilijua mnyama safi ni nani. Alikuwa paka jike wa kijivu wa Bibi Mahiza Singano, aitwaye Jirani. Jicho lake halikuwahi kubadilika tangu lipandikizwe. Damu yake ilipimwa kila mwaka mavuno yanapoanza, na mashine haikuwahi kuona kitu.

Wakati huo Jirani hakuwa kwa Bibi Mahiza. Mahindi yakishaingia ghalani, panya nao huingia, na asiye na paka huazima. Jirani alikuwa mwindaji asiye na mfano, na juu ya hapo wa kijani, hivyo kila nyumba ilimtaka. Alizunguka kutoka ghala hadi ghala mpaka mahindi yapukuchuliwe na kufungwa. Anayemrudisha hufunga konzi ya unga katika kitambaa na kumfunga nacho shingoni, na hiyo ndiyo shukrani yake. Mwenye paka naye ana adabu yake: hamdai paka kabla ghala halijafungwa. Kumdai ni kumwambia mwenzako kwamba watoto wake wale na panya.

Msimu ule alikuwa kwa Tunu na mumewe Hoza, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Tunu aliugua homa ya baridi yabisi utotoni, ikamharibia vali moja ya moyo, na tangu hapo alipanda kilima kwa kupumzika. Zefania alimkuta ameketi juani, paka amejikunja kifuani pake ndani ya kanga.

"Usinichukulie blanketi langu, baba," Tunu alisema. "Hoza ana miguu ya barafu."

Hoza alisema kutoka ndani kwamba miguu hiyo ndiyo iliyomleta shambani kumchumbia. Zefania akatoa damu kidogo tu kutoka mguuni kwa paka, akashukuru, akaondoka.

*

Chupa ya Watasema haikuota kitu.

Chupa ya Jirani iliota.

Jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba amebadilisha chupa, na alijitukana kimya kimya kama alivyowatukana wanafunzi wa mafunzo kwa kosa hilohilo. Akarudi kwa Tunu kwa kisingizio cha kusahau kupima uzito wa paka. Akachukua damu nyingine, akaiweka kwenye chupa aliyoisafisha mwenyewe, akamrudia na Watasema. Siku zilizofuata alikuwa wa kwanza kuingia maabara na wa mwisho kutoka. Mashine ilijibu vilevile. Mbwa mwekundu alikuwa na kovu tu; mwili wake ulipigana, ukashinda, ukabaki na kumbukumbu. Paka wa kijani alibeba Bartonela hai katika damu, na mwili wake, kama ilivyo kwa baadhi ya wanyama, haukuwahi kufua silaha hata moja. Jicho lilikuwa likisubiri kusikia kelele katika nyumba ambayo mwizi na mwenye nyumba wamepatana.

Alitoka nje akasimama mbele ya vizimba. Wekundu walikuwa wengi mwezi ule. Watasema alipiga mkia sakafuni mara kadhaa.

Kilichomuuma Zefania hakikuwa Jicho peke yake. Ile damu iliyopimwa kila mwaka ndiyo aliyoitazama yeye mwenyewe, kwa njia ya mashine, na kila mwaka aliandika "safi". Alikwenda kwa Bibi Mahiza kuuliza.

Bibi alikuwa akipukuchua mahindi barazani. Alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili kwa miaka mingi na bado alimtazama kila mtu kama anayengoja jibu. Zefania alimuuliza kama Jirani hupewa dawa yoyote. Bibi akacheka.

"Nimkopeshe mtu paka mchafu, mwanangu? Mimi nililelewa. Kila mavuno, kabla hajaenda nyumba za watu, namwogesha, namchana viroboto, namtilia vidonge kwenye dagaa."

"Vidonge gani, Bibi?"

"Vya kifua. Vya zahanati. Huwa vinabaki."

Vilikuwa vidonge vya kuua bakteria. Siku chache za dawa hiyo hazimmalizi Bartonela. Humfukuza tu kwenye damu, akajificha, mpaka dawa iishe. Na siku hizohizo za usafi, kabla paka hajaanza safari zake, ndizo siku ambazo mpimaji wa kituo alikuja na sindano yake ya mwaka. Kwa adabu yake Bibi alikuwa amemficha bakteria mbele ya macho ya serikali, kila mwaka, kisha akamtuma kwenye ghala za watu.

Zefania alimweleza. Hakupamba. Bibi aliendelea kupukuchua kwa muda, punje zikidondoka ungoni, kisha mikono yake ikasimama.

"Yuko kwa Tunu," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Tunu wa moyo."

"Ndiyo."

Alimwomba Zefania aende akamchukue. Zefania akamkumbusha kwamba ghala la Hoza halijafungwa. Bibi Mahiza akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akasema kwamba atakwenda yeye, aibu ni yake. Zefania alimfuata nyuma.

Hoza hakupokea vizuri. Alisimama mlangoni akauliza ni nini walichofanya, nani amewasengenya, na kama Bibi amesikia kwamba paka halishwi. Bibi alinyosha mikono kumpokea paka. Tunu ndiye aliyemtoa paka kifuani na kumkabidhi, na hapo Zefania akamwambia Hoza ampeleke mkewe hospitali ya wilaya kesho asubuhi, aseme apimwe damu kwa njia ya mchuzi, si kwa kidole tu.

"Kwa sababu gani?" Hoza aliuliza. "Paka ni wa kijani."

"Ndiyo," Zefania alisema. "Mpeleke hivyo hivyo."

Tunu alikuwa ameingia ndani. Alirudi na konzi ya unga katika kitambaa, akamfunga paka shingoni, kwa sababu hata paka aliyedaiwa kwa aibu harudi mikono mitupu.

*

Mkuu wa kituo alikuwa Daktari Fausta Mushumbusi, mwanamke mpole, mwenye kusikiliza mpaka mwisho. Zefania alimwekea mezani majibu yote. Daktari aliyasoma bila haraka, akavua miwani.

Hakushangaa. Hilo ndilo lililomuumiza Zefania kuliko lolote. Daktari alimweleza, kwa utaratibu, mambo ambayo hata yeye hakuyajua: kwamba katika majaribio ya kwanza sehemu kubwa ya mbwa wenye bakteria hai katika damu hawakuwa na kingamwili, kwamba bakteria huja na kuondoka katika damu, hivyo hata njia ya mchuzi inapaswa kurudiwa baada ya muda, kwamba waliandika haya, na Baraza likajibu kwamba hakuna nchi inayoweza kumtoa kila mnyama damu mara mbili na kungoja chupa iote. Jicho ni la papo kwa papo. Tangu lipandikizwe vifo vilipungua, ingawa mwaka huohuo ndipo viroboto walipoanza kupuliziwa dawa, na hakuna aliyetaka kujua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichookoa watu.

"Watu walikuwa wakipiga paka wote kwa mawe, Bwana Shekalaghe. Unakumbuka. Tuliwapa taa, wakaacha."

"Tumewapa taa ya uongo."

"Tumewapa taa."

Zefania alisema ataandika kwa Mahakama ya Afya, iliyoko Dodoma. Daktari akainuka akafungua kabati, akamsomea kanuni. Mwenye mnyama katika orodha ya wekundu hatoi ushahidi juu ya Jicho. Kanuni ilitungwa kwa sababu wenye mbwa wote, mnyama akiwa mwekundu, huwa wataalamu.

"Wataisoma kama barua ya mwenye mbwa," alisema. "Hata ukurasa wa pili hawatafika."

"Basi andika wewe, Daktari."

Daktari alirudisha kanuni kabatini. Kisha akasema kwamba cheti cha kuidhinisha Jicho kina saini tatu, na moja ni yake. Naye pia ana mnyama kwenye orodha, alisema, ila wake hana miguu.

Baada ya hapo aliongea kwa sauti ya chini zaidi, na ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia. Mkuu wa kituo anaruhusiwa kuandika hitilafu ya kifaa. Angeandika kwamba Jicho la Watasema limeharibika, amwekee jipya lisiloonja damu, la kijani. Mbwa angerudi nyumbani leo. Jirani angechomwa sindano kimyakimya, watu waambiwe amekufa kwa uzee. Tunu angetibiwa. Wote wangepona, isipokuwa paka mmoja ambaye ni mgonjwa kweli.

"Na wekundu wengine kizimbani?"

"Wangekufa Ijumaa hata kama wewe usingezaliwa."

"Na kijani wengine walio kama Jirani?"

Daktari alivaa miwani yake tena. Alimwambia afikiri mpaka Ijumaa ya mwisho ya mwezi.

Zefania alifikiri. Si kweli kwamba mtu mwaminifu hushinda mara moja. Huo ni uzushi wa mahubiri. Alikwenda kizimbani kila mchana na mfupa, na kila mchana aliona jinsi ilivyo rahisi kulikubali lile Jicho jipya. Mbwa alikuwa mzee. Miaka miwili, labda mitatu, alikuwa nayo. Alikuwa kiumbe wa mwisho aliyewahi kuitwa kwa sauti ya mkewe.

Alhamisi ya kuamkia Ijumaa hiyo ilileta habari ya Tunu. Chupa yake ilikuwa imeota. Bakteria walikwisha kufika kwenye vali ile mbovu, na daktari wa wilaya hakuahidi kitu zaidi ya dawa za mshipa kwa wiki nyingi na maombi. Hoza alikuja mwenyewe kumwambia. Hakuwa na ukali tena. Aliuliza jambo moja tu, kwamba ile taa, ile ya kijani ambayo mkewe aliifunika kwa kiganja ili imwache alale, ilikuwa ikisema nini.

"Haikuwa ikisema kitu," Zefania alimjibu.

*

Ijumaa asubuhi Bibi Mahiza alifika kituoni na kikapu. Alikuwa amesikia kuhusu barua ya kwenda Mahakamani, kwa maana Kwembaru hakuna kinachofichika zaidi ya bakteria. Alikiweka kikapu miguuni pa Zefania. Jirani alikuwa ndani, mnene, akitazama dunia kwa macho ya mwenye mali.

"Nimekuazima," Bibi alisema. "Utamhitaji kuwaonyesha."

Zefania alimwambia kwamba huenda asirudi.

"Ghala lako halijafungwa," Bibi alisema. "Mimi simdai."

Akaondoka bila kugeuka. Zefania alimweka paka kwenye chumba cha karantini, akamtoa kwanza damu ya ushahidi, akamwandikia matibabu kamili, si ya siku chache, na juu ya mlango akaandika kwamba ni kielelezo cha mahakama, asiguswe. Kisha akaenda kwenye vizimba, akamfungua Watasema, akamwita kwa sauti ndefu, kama alivyokuwa akiitwa jikoni.

Daktari Mushumbusi alikuwa katika banda la nyuma na sindano zake. Alipomwona anakuja na mbwa kabla ya zamu kuanza, alielewa, na kwa mara ya kwanza tangu Zefania amfahamu alipandisha sauti.

"Mbwa huyu ni mzima. Umethibitisha wewe mwenyewe."

"Ndiyo."

"Nimekupa njia."

"Ulinipa mbwa, Daktari. Nashukuru. Nikimchukua, mimi ni mwenye mbwa. Ukimwacha Ijumaa hii ipite, bado mimi ni mwenye mbwa. Nataka kuwa mtu asiye na mnyama kwenye orodha yako."

Daktari alisema kwamba watasema amerukwa na akili. Zefania akasema ndiyo, watasema. Alipiga magoti, akakikumbatia kichwa cha mbwa, akautafuta mshipa wa mguu wa mbele mwenyewe. Akaushika mpaka sindano ya Daktari ikaingia. Watasema alimlamba kifundo cha mkono, kisha akaacha.

Jicho halikuzimika. Damu ilibaki mwilini, na kingamwili ndani ya damu, na kifaa kile kiliendelea kumshtaki mbwa aliyekufa. Zefania alilitoa kwa kisu kidogo, tone la damu likiwa bado limeshika punje ile, akaliosha nje tu, akalifunga katika kipande cha plastiki. Daktari alitia saini hati ya kifo. Hakuomba kusoma barua. Aliuliza tu kama jina lake limo, na Zefania akamjibu kwamba limo, palipo na saini tatu.

Barua aliiandika palepale, mchana, kwenye meza ya kupimia. Mahakama ilikuwa haipokei tena maneno ya mtandaoni tangu mashine zilipojua kuiga sauti na saini za watu. Ilipokea karatasi, mwandiko wa mkono na bahasha. Aliandika juu ya mbwa aliyekuwa safi na paka aliyekuwa mgonjwa. Aliandika juu ya vidonge kwenye dagaa, bila jina la Bibi. Aliomba wekundu wote nchini wapimwe kwa mchuzi, mara mbili, kabla ya kuuawa, na kijani wote wanaolala na watu wapimwe vivyo hivyo. Aliandika: *Mimi sina mnyama kwenye orodha.* Akaiangalia sentensi hiyo muda mrefu. Hakuongeza neno.

Gundi ya kituo ilikuwa imekauka. Alichukua tonge la ugali kutoka kwenye chakula chake ambacho hakukigusa, akalisugua kwenye ukingo wa bahasha kama alivyofundishwa utotoni, akaubana kwa kidole gumba mpaka ukashika. Ndani alikuwa ametia barua, hati ya kifo, na lile Jicho.

Karani wa posta aliipima bahasha kwenye mizani, akaigeuza, akaona mwanga mwekundu ukipenya karatasi.

"Kuna nini humu kinachowaka, mzee?"

"Mbwa wangu," Zefania alisema.

Karani alimtazama, akaona si mtu wa mzaha, akagonga muhuri. Mfuko wa Dodoma ulikuwa umefunguliwa nyuma yake. Aliitupa bahasha humo, juu ya barua nyingine, na hata alipokaza kamba ya mfuko, turubai lile jembamba liliendelea kuonyesha nukta moja nyekundu, mpaka wapagazi walipolibeba kwenda nje.